UZI: Mlima ulioungua na mvua ya dakika 15. Mafuriko ya ghafla yanavyoanza, na namna ya kujipanga mapema

#1 Kontua

Wadau, habari za muda huu.

Moto wa msituni ukizimwa watu hushusha pumzi, na hapo ndipo hatari ya pili inapoanza. Uzi huu ni wa yeyote anayeishi, kulima au kufanya kazi chini ya mlima ulioungua. Ukisoma aya moja tu, soma hii: kwenye ardhi iliyoungua usihangaike na jumla ya mvua ya siku. Angalia mvua inavyonyesha kwa nguvu ndani ya dakika 15, na uangalie kule juu korongo linakoanzia. Juu ya paa lako panaweza kuwa pakavu kabisa huku tope likiwa njiani.

Kiwango chenyewe ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Shirika la jiolojia la Marekani, USGS, huchora ramani za hatari baada ya moto kwa kutumia mvua ya kasi ya milimita 24 kwa saa iliyodumu dakika 15. Ukipiga hesabu, hiyo ni milimita 6 tu zilizoanguka. Kusini mwa California, milimita 7 ndani ya nusu saa zimewahi kutosha kuteremsha tope na mawe. Msitu mzima ungezimeza hizo bila mto kubadilika hata rangi.

Kwa nini? Kabla ya moto, matone hupigwa breki na majani ya miti, kisha na majani makavu yaliyolala chini, ndipo yafike kwenye udongo. Moto huondoa vyote viwili. Tone linapiga udongo mtupu, linavunja chembe zake, na vumbi hilo pamoja na jivu laini linaziba vitundu ambavyo maji yangepenyea. Chini kidogo kuna tatizo jingine. Nta na mafuta ya mimea huvukizwa na moto, mvuke hushuka udongoni, hupoa na kugandia chembe. Tabaka hilo hukataa maji. Hujengeka zaidi udongo unapofika nyuzi joto 175 hadi 200 hivi za selsiasi, na huharibika joto likizidi takriban 280. Kwa hiyo palipoungua vikali sana unaweza kukuta udongo wa juu unapokea maji, lakini tabaka linalokataa liko sentimita kadhaa chini yake. Udongo huo wa juu ukilowa hauna pa kupitishia maji, unateleza wote.

Halafu kuna mchanga na mawe yaliyokuwa yameshikwa na vichaka. Kichaka kikiungua, mzigo wake unaporomoka ukiwa mkavu hadi kwenye korongo, hata kabla ya tone la kwanza. Yaani korongo linapakiwa mapema, linasubiri maji tu.

Wengi hudhani lazima kipande cha mlima kimeguke ndipo tope lianze. Miaka ya mwanzo baada ya moto mara nyingi sivyo. Maji yanayotiririka juu ya ardhi huchimba vijifereji, vijifereji huungana, maji yanaokota mchanga, kisha changarawe, kisha mawe, na mzigo ukizidi kiasi fulani hayatiririki tena kama maji. Yanakwenda kama zege bichi, mawe makubwa na magogo yakiwa mbele. Kinachofika kwako kina uzito wa kung'oa nyumba kwenye msingi wake.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

#2 Maswali_Mengi

Mkuu Kontua, shukrani sana. Swali: nitajuaje mteremko ulio juu ya kwangu ni wa hatari? Mlima wote ni mweusi, kila mahali panafanana.

#3 Mto_Mkavu

@Maswali_Mengi weusi usikudanganye, kuna viwango. Angalia vitu vitatu.

Mwinamo. Vielelezo vya USGS huhesabu sehemu ya bonde iliyoungua kwa kiwango cha kati au kikubwa na yenye mwinamo wa nyuzi 23 au zaidi. Hiyo ni kama kupanda mita 42 kwa kila mita 100 za mlalo. Simu nyingi zina programu ya kupimia mwinamo, inatosha kwa makadirio. Kadiri sehemu hiyo inavyokuwa kubwa ndani ya bonde, ndivyo mvua ndogo inavyotosha.

Ukali wa kuungua, na hapa ninasemea udongo, siyo miti. Mti unaweza kuwa mweusi wote na udongo ukawa na nafuu. Chimbua kidogo: ukikuta vijizizi vyembamba bado vipo na vinakunjika, udongo haukuungua sana. Ukikuta vimekuwa majivu, udongo umekuwa unga, na rangi imegeuka nyekundu au ya machungwa, hapo moto ulikaa muda mrefu. Jivu jeupe ni dalili kwamba kuni ziliungua zikaisha. Na kama miti bado ina majani ya kahawia yaliyokaushwa na joto, ni habari njema, kwa sababu yatapukutika na kufunika udongo yenyewe.

Tatu ni kipimo cha tone:

1. Fagia jivu taratibu mpaka uone udongo wenyewe. Ukidondosha maji juu ya jivu unapima jivu.
2. Dondosha matone matano hadi kumi kwa kitone cha dawa, ukiwa karibu na ardhi.
3. Hesabu sekunde. Tone likikaa zaidi ya sekunde 5, udongo unakataa maji. Likipita sekunde 60, unakataa vikali.
4. Kwangua sentimita moja, rudia. Endelea hadi sentimita 5. Watu wengi huishia juu, wanaona maji yanaingia, wanaondoka wamefarijika wakati tabaka liko sentimita 3 chini.
5. Rudia sehemu kadhaa za mteremko, kisha upime na mahali pasipoungua.

Hatua ya mwisho ndiyo hurukwa. Udongo mkavu wa aina fulani hukataa maji hata bila moto, hivyo usipolinganisha huwezi kujua moto umeongeza nini. Pia pima kukiwa kukavu. Udongo ukilowa vya kutosha tabia hiyo hupotea, ukikauka inarudi. Ndiyo maana mvua ya ngurumo ya ghafla baada ya kiangazi kirefu inatisha kuliko mvua ya siku ya tatu.

#4 Fundi_Kalvati

Naongezea upande wa barabara, maana kalvati, yaani bomba la kupitishia maji chini ya barabara, ndilo linalogeuza mafuriko madogo kuwa makubwa.

Chukua bonde la hekta 100, siyo kubwa. Milimita 1 ya mvua juu ya hekta 1 ni mita za ujazo 10. Milimita 6 juu ya hekta 100 ni mita za ujazo 6,000. Tuseme nusu tu ndiyo inatiririka na inashuka yote ndani ya dakika 15: mita za ujazo 3,000 kwa sekunde 900, yaani 3.3 kwa sekunde. Bomba la kipenyo cha milimita 600, likiwa safi na maji yamejaa mlangoni hadi mara moja na nusu ya kipenyo chake, linapitisha karibu nusu mita ya ujazo kwa sekunde. Ungehitaji mabomba sita au saba kwa maji matupu. Ongeza mchanga, ujazo unapanda zaidi. Ongeza gogo moja lililokaa kimshazari mlangoni, bomba limekufa.

Likiziba, maji yanapanda, yanavuka barabara, yanakula tuta upande wa chini, na tuta likikatika kila kilichokuwa kimejikusanya nyuma yake kinatoka kwa mkupuo. Nyumba iliyo chini ya barabara inapigwa na wimbi ambalo mvua peke yake isingelileta.

Cha kufanya kabla ya mvua: toa magogo na matawi kwenye mkondo kwa umbali wa kutosha juu ya kalvati, siyo mlangoni tu. Weka nguzo za kukamata magogo mita kadhaa juu ya mlango, zikiwa zimelazwa kufuata mkondo ili gogo lipande badala ya kukwama. Usiweke wavu wa matundu madogo mlangoni, unajaa majani dakika ya kwanza. Kama bomba ni dogo na huwezi kulibadili, shusha barabara mahali hapo na uiimarishe kwa mawe au zege ili maji yavuke juu bila kuikata. Barabara ikivukwa na maji ikabaki, umeshinda.

Na njia zilizokatwa na katapila wakati wa kuzima moto zisisahaulike. Nyingi hushuka wima mlimani, ardhi imeshindiliwa, zinakuwa mito. Zikatwe kwa matuta ya kukingama yanayotoa maji pembeni kwenye sehemu yenye mawe au mimea iliyobaki.

#5 Nyikani

Binafsi naona suluhisho rahisi ni kumwaga mbegu za nyasi mlima mzima mara moto unapozima. Gharama ndogo, na nyasi zinashika udongo. Kwa nini watu wanazunguka?

#6 Kontua

Ndugu Nyikani, wazo hilo limejaribiwa kwa miaka mingi, na matokeo ya mwaka wa kwanza ni hafifu. Mvua inayoziotesha mbegu ndiyo hiyo hiyo inayozisomba. Nyasi zinahitaji wiki kadhaa kufunika ardhi. Ngurumo inahitaji robo saa. Tena mbegu za kununua huweza kuleta magugu na kubana mimea ya asili ambayo ingechipua yenyewe.

Kinachofanya kazi mapema ni matandazo. Mabua ya ngano au ya shayiri, yasiyo na mbegu za magugu, karibu tani 2.2 kwa hekta. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni gramu 220 kwa mita ya mraba. Lengo ni kufunika asilimia 60 hadi 70 ya udongo. Ukiweka mengi hadi udongo usionekane kabisa unazuia miche ya asili, ukiweka machache maji yanapita katikati. Mahali penye upepo mkali mabua huhamishwa yote yakarundikana bondeni, hapo tumia vipande virefu vya mbao zilizochanwa, ni vizito na hushikana. Usimwage vipande vidogo vya mbao vya mviringo, vinaelea na kwenda kuziba kalvati la Fundi.

Matandazo yanasaidia juu ya mlima, kwa mvua ya kawaida na ya kati. Ngurumo kubwa ikipiga bado tope linaweza kuja. Nayasema haya kwa msisitizo kwa sababu mtu akishatandaza mabua huanza kuamini amemaliza.

Vizuizi vya magogo kwenye kontua navyo, yaani magogo yaliyolazwa kukingama mteremko kwa kufuata mstari wa kimo kimoja. Gogo lazima lizikwe kina cha sentimita 10 hivi, udongo ushindiliwe upande wa juu, ncha zipinde kidogo kuelekea juu ya mlima. Likiachwa na upenyo chini, au likilala nje ya kontua, maji yote yanakusanyika sehemu moja na kuchimba mtaro ambao haukuwepo. Gogo lililowekwa vibaya ni baya kuliko kutoweka gogo.

#7 Maswali_Mengi

Na mifuko ya mchanga nyumbani? Nimeona watu wanazungushia nyumba nzima.

#8 Mto_Mkavu

Kuzungushia nyumba nzima ni kupoteza nguvu. Mifuko ni ya kugeuza mwelekeo wa maji na tope jepesi lenye kina cha sentimita 30 hivi. Haiwezi kusimamisha tope lenye mawe, hata uirundike vipi.

Jaza nusu hadi theluthi mbili, usijaze pomoni. Mfuko uliojaa unakuwa mgumu, unaacha nafasi kati yake na mwenzake. Usifunge mdomo kwa kamba. Ukunje, uulaze chini ya mfuko wenyewe ukielekea maji yanakotoka. Panga kama matofali, kiungio kisikae juu ya kiungio, na ukanyage kila safu kabla ya kuweka inayofuata. Zaidi ya safu mbili tatu panua kitako, la sivyo ukuta unapinduka. Karatasi ya nailoni upande wa maji, ncha yake ya chini ikandamizwe na safu ya kwanza.

Kosa kubwa ni kuupanga ukingamie maji moja kwa moja. Upange kimshazari, ili maji yagonge na kuteleza kuelekea njia uliyoyaandalia. Na njia hiyo isiishie mlangoni kwa jirani. Kaeni mzungumze kwanza, maana ukuta wa mmoja ni mafuriko ya mwingine.

#9 Dada_Setilaiti

Wakuu, mmegusa mlima na nyumba. Naomba nizungumzie muda, kwa sababu watu hufia hapo.

Moto wa Thomas huko California ulianza tarehe 4 Desemba 2017. Tope lilishuka mji wa Montecito usiku wa kuamkia tarehe 9 Januari 2018, kabla ya saa kumi alfajiri, watu 23 wakafa. Moto wenyewe ulitangazwa kudhibitiwa kikamilifu tarehe 12 Januari, siku tatu baadaye. Hakukuwa na muda wa nyasi kuota wala mtu kujifunza. Uhamisho wa lazima ulikuwa umetangazwa kwa maeneo ya juu karibu na milima. Chini zaidi uliachwa uwe hiari, na tope likafuata mikondo likafika huko. Funzo la kiufundi: mipaka ya hatari huchorwa kwa kufuata mikondo na uwanda wa mchanga ulio mdomoni mwa korongo. Uwanda huo ulijengwa na tope la zamani, na tope jipya linaweza kuhama njia na kuchagua upande wowote.

Kwa hiyo uamuzi wa kuondoka unafanywa kutokana na utabiri, kabla ya mvua kuanza. Kati ya mvua kupita kiwango na tope kufika mdomoni mwa korongo kunaweza kuwa na dakika chache tu. Huwezi kuamka, kuvaa, kukusanya watoto, kuvuka daraja na kufika salama ndani ya dakika hizo, tena gizani.

Kama kijiji au mtaa wenu una uwezo wa kuweka kipima mvua, kiwe cha ndoo inayopinduka, kinachohesabu kila milimita 0.2 na kutuma taarifa. Mipinduko 30 ndani ya dakika 15 ndiyo zile milimita 6. Kipima cha chupa kinachosomwa asubuhi hakina msaada hapa, kinakupa jumla ya siku. Kiwekwe juu, karibu na vyanzo vya korongo, mbali na miti inayoweza kuanguka. Funeli isafishwe mara kwa mara: jivu, majani na wadudu huiziba, nacho kitaendelea kukuonyesha sifuri huku mvua ikimwagika. Angalieni pia kama minara ya simu iliyokuwa ikifikisha ujumbe haikuungua. Na msitegemee rada peke yake, milima hukinga mawimbi yake na mabonde mengine hayaonekani.

#10 Nyikani

Nimekusoma dada, na Kontua pia. Je, hatari hii inadumu muda gani? Mwaka mmoja ukipita salama tunaweza kupumua?

#11 Kontua

Miaka miwili ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi, halafu kiwango cha mvua kinachohitajika hupanda kadiri mimea inavyorudi. Mahali pakavu au penye udongo mwembamba huchukua miaka mitano au zaidi. Ila mwaka mmoja kupita salama hauthibitishi chochote. Pengine ngurumo haikupiga juu ya bonde lako tu. Korongo la Glenwood, Colorado, liliungua Agosti 2020, na tope likafunga barabara kuu ya I-70 mwishoni mwa Julai 2021 kwa takriban wiki mbili. Ruidoso, New Mexico, iliungua Juni 2024, mafuriko yakaua watu watatu Julai 2025.

Kisha kuna kipindi cha pili ambacho hakizungumzwi vya kutosha. Mizizi ya miti iliyokufa huoza. Baada ya miaka mitatu hivi na kuendelea, mlima hupoteza mshiko wa mizizi ya zamani wakati mipya haijawa na nguvu. Hapo mlima humeguka kweli, na mvua ya kuogopa inabadilika: ni ile ndefu ya siku nzima inayolowesha kina.

Na sakafu ya mto ikishainuliwa na mchanga, hubaki juu hata mlima ukiwa kijani. Mto uleule, maji yaleyale, lakini unafurika mapema. Wanaopima kina cha mto wakumbuke kurekebisha alama zao.

#12 Kisima

Kwa watu wa maji: jivu na tope la mvua ya kwanza hupandisha tope, manganizi na mabaki ya mimea kwenye maji ghafi. Ukiongeza klorini kwa nguvu bila kuondoa mabaki hayo kwanza, unazalisha kemikali zisizofaa. Funga mlango wa kuchukulia maji mtoni wimbi la kwanza likipita, tumia akiba ya tangi. Akiba ijazwe kabla ya utabiri wa ngurumo. Mabwawa nayo hujaa mchanga: bwawa la Strontia Springs, linalohudumia jiji la Denver, lilipokea mzigo mkubwa baada ya moto wa Buffalo Creek wa 1996 na ule wa Hayman wa 2002.

Wanaovuna maji ya paa, ondoeni bomba kwenye tangi mpaka mvua ioshe paa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi metali wala kemikali za vitu vilivyoungua.

#13 Maswali_Mengi

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mtu amechelewa, ni usiku, tayari anasikia mngurumo wa tope. Afanye nini?

#14 Mto_Mkavu

Kwanza dalili, kwa sababu mngurumo huja mwishoni. Mto ukipungua ghafla huku mvua inanyesha, kuna kitu kimeziba juu na kitaachia. Maji yakigeuka meusi na mazito, au ukisikia mawe yakigongana, au sakafu inatetemeka, usitoke kwenda kuangalia.

Kama kuna ardhi ya juu unayoifikia kwa miguu bila kuvuka mkondo, nenda, ukikata pembeni ya njia ya maji. Usikimbie kufuata bonde kwenda chini, tope lina mwendo kukuzidi. Usichukue gari ikiwa njia inavuka korongo au daraja: sentimita 15 za maji ya kasi humwangusha mtu mzima, 30 huelesha gari dogo, 60 huchukua karibu gari lolote, na hizo ni hesabu za maji yasiyo na mawe.

Kama huwezi kutoka, panda ghorofani au mahali pa juu kabisa, upande wa nyumba ulio mbali na mkondo na mlima. Msilale vyumba vya chini vinavyotazama korongo msimu wote wa mvua, hamisheni vitanda sasa. Viatu vigumu na tochi viwe karibu na kitanda.

Wimbi la kwanza likipita, kaa hapo hapo. Tope na mawe hushuka kwa mawimbi, na la pili au la tatu linaweza kuwa kubwa zaidi, kwa sababu la kwanza limeshasafisha njia au limeacha kizuizi kinachojaza maji nyuma yake. Subiri mvua ikatike huko juu na waokoaji waseme njia iko wazi. Na hata hapo usikanyage tope lililotulia: juu linaonekana limekauka, chini bado ni laini na linameza mguu hadi pajani.